Fomu ya Maswali Arobaini

12 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za huko, niruhusu nikusimulie sauti moja, maana imekaa masikioni mwangu siku nne na haitaki kuhama. Ni ya mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani. Kisu chake ni kipana kama mlango, na kikishuka juu ya rundo hutoa mlio mmoja mzito, kama mtu mnene anayejitupa kwenye kochi. Jumatatu nilisimama mbele yake nikausikia mlio huo mara mia moja na ishirini. Nilihesabu. Kila mlio ulikuwa kalenda hamsini zinazogeuka vipande vya kufungia vikombe.

Haya, habari za nyumbani. Baba hajambo, goti limetulia. Tangu astaafu amepaka mlango wa mbele rangi mara tatu, na sasa sote tunaingilia jikoni kwa sababu rangi haipati nafasi ya kukauka. Mama anakusalimu. Anasema kaka yako akimaliza mlango ataanza madirisha, na siku hiyo yeye atakuja kukaa kwako.

Sasa hizo kalenda. Zilikuwa elfu sita. Mwezi wa Machi ulikuwa na Jumanne mbili zimekaa jirani, na Jumatano haikuwepo kabisa. Mimi ndiye msoma prufu, kwa hiyo utadhani sikuliona kosa. Niliona, shangazi. Niliona karatasi ya kwanza tu ilipotoka kwenye mtambo. Nikaandika kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa, SIMAMISHA, MACHI, nikakitundika kwenye msumari ulio kando ya mtambo, nikarudi mezani kungoja usimame.

Haukusimama. Fundi wa mtambo, ambaye kiwanda kizima kinamwita Radi kwa sababu ya sauti yake, hasomi vikaratasi. Kusoma anajua sana, ila anakataa. Anasema mwenye neno naye aende akamwambie. Mimi nami siwezi kumpigia mtu kelele mtambo ukinguruma; sauti yangu ikipanda hupasuka katikati. Tumefanya kazi hivyo miaka mitatu. Mimi natundika, yeye hatazami, na anayetuokoa ni mama wa kujalidi vitabu, ambaye huvisoma vikaratasi vyangu akipita, kisha humfokea Radi kwa niaba yangu. Siku ya kalenda mama wa kujalidi alikuwa kwa daktari wa meno.

Meneja alituita mimi na Radi ofisini. “Kati yenu kuna hatua kumi,” alisema, “na mmeshindwa kuambiana siku za wiki.” Nilidhani atatufukuza. Badala yake ameagiza mtaalamu wa tabia za watu kazini. Tumepewa fomu ya maswali arobaini, kila swali lina majibu mawili tu, A na B. Mtu anachagua linalomfaa, halafu mtaalamu anatuambia kila mmoja wetu ni mtu wa namna gani na aongee vipi na mwenzake. Inarudishwa Jumatatu. Hii ni siku ya pili nimekwama kwenye swali la tatu. Linauliza: ukiwa na hoja mkutanoni, huwa unaisema hapo hapo au huwa unaiwaza kwanza? Bado naliwaza.

Wako katika wino na aibu,
mtoto wa kaka yako


27 Desemba

Bi Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu kila kiti hapa karakana kina sare za shule juu yake. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, nami siupi nafasi ya kumaliza sentensi. Mwambie kaka yangu aache mlango wa watu. Mwambie mama yako chumba kipo, ila wifi yangu asije na lile redio lake.

Kalenda elfu sita, mwanangu. Na wewe umeona. Umetundika, ukakaa. Nimecheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena, na mafundi wangu wakauliza kuna nini, nikawaambia washone.

Hebu nikuambie mimi hufanyaje. Nikiona bega la shati limekaa upande, simwiti fundi pembeni. Nasema hapo hapo nilipo, na jirani anayeuza vioo anasikia. Basi bega linanyooka. Hakuna aliyekufa. Fundi wa suruali hata hucheka. Mdomo, mwanangu, hauhitaji msumari.

Lakini hiyo fomu imenivutia. Ninao mafundi wanne, na wawili kati yao hawasemeshani tangu mwezi wa nane. Mmoja hushona kola, mwingine vifungo, nami nimezoea kuwaita hivyo hivyo, Kola na Vifungo. Walikosana juu ya nani aliacha pasi imewashwa. Sasa Kola akimaliza shati hulisukuma kwa rula mpaka upande wa Vifungo, ili wasigusane mikono. Ukipata nakala nitumie. Nataka kujua wametengenezwa na nini.

Na wewe usisahau kuniambia umetoka mtu wa namna gani, ingawa najua. Nilikulea likizo zote. Umetoka ukuta.

Shangazi yako asiyetundika kitu


20 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na joto, Mama kasema huko ni kama kwetu. Mlango sasa ni wa kijani. Baba anasema rangi ile ya kahawia ilikuwa inamfanya aonekane ana deni la mtu, sijui kwa nani.

Matokeo yametoka. Mtaalamu alitukusanya kwenye chumba cha kujalidi, akawasha picha ukutani, akaeleza kwamba watu wote duniani wamegawanyika mafungu manne. Ngoma ni wale wanaoongoza na kusikika. Dira hufikiri kwanza na hutafuta kosa. Kamba huunganisha watu. Jembe hufanya kazi bila maneno. Kisha akatoa beji, moja moja, kila beji na mchoro wake, akawa anaita watu kwa vyeo vyao vya kazi.

Mimi ni Ngoma. Majibu thelathini na nane kati ya arobaini. Mtaalamu alisema katika miaka yake yote hajakutana na Ngoma ya namna hiyo, akashuka jukwaani, yaani akashuka kwenye kreti la vitabu alilosimamia, akanipa mkono. Msanifu wa kurasa, aliyekaa nami miaka mitatu bila kusikia sauti yangu zaidi ya mara sita, alivua spika zake za masikioni ili atazame vizuri.

Unaweza kuuliza nilijibu vipi. Nilijibu kwa makini.

Meneja amefurahi mno. Amesema kiwanda kilikuwa kimeficha kiongozi nyuma ya meza ya prufu, na kuanzia mwezi ujao mimi ni kiongozi wa zamu. Natakiwa kuendesha mkutano kila asubuhi, nimesimama, watu kumi na wawili mbele yangu.

Na mengine yameharibika. Mpokezi wa wageni ametoka Dira, anasema mtu kama yeye hawezi kupokea simu kwa ghafla. Dereva ametoka Kamba, anaunganisha watu njia nzima na vitabu vinafika vimechelewa. Mama wa kujalidi ni Jembe. Amesema kwa kuwa imethibitishwa kwamba yeye si mtu wa maneno, hatamfokea tena Radi kwa niaba yangu. Juzi nilitundika kikaratasi, akakisoma, akanitazama kwa huruma, akapita.

Radi hakupata beji. Alipewa nyeupe, isiyo na mchoro. Nitakueleza.

Nakala ya fomu imo ndani ya bahasha hii, pamoja na maelezo ya kujumlisha alama. Nami nina maswali machache, usishangae. Ukiingia karakana asubuhi, unaanza na nini? Unasema nini kwanza? Mikono unaiweka wapi?

Mtoto wa kaka yako, mwenye beji


4 Februari

Ngoma yangu,

Marahaba, marahaba tena. Thelathini na nane. Nimemsomea barua yako muuza vioo. Nimewasomea mafundi. Damu ni damu. Siku zote nilisema huyu mtoto hajanyamaza, huyu anajaza tangi.

Ingawa nikiri, nilisoma mara mbili. Kwenye harusi ya dada yako ulikaa stoo na sahani mpaka wageni wakaondoka. Lakini mtaalamu ni mtaalamu.

Unauliza naingiaje. Naingia kama mtu anayekuja kuchukua kitu chake. Mlango nausukuma wote, siufungui nusu. Nasema habari za asubuhi kwa sauti ya kufikia ukuta wa mwisho, na kabla hawajamaliza kujibu nimeshaona kosa la kwanza na nimeshalitaja. Likikosekana kosa, nataja la jana. Mikono kiunoni. Siku ya kwanza usicheke na mtu. Ya pili cheka na mmoja tu, wengine wajiulize.

Fomu imefika salama. Jumamosi nawapa mafundi wote wanne, na mimi mwenyewe nitajaza, kwa kujifurahisha tu, maana jibu linajulikana hata kwa muuza vioo.

Ni mimi, Ngoma mkubwa


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo haujapata nafasi ya kusema. Sijapokea barua yako karibu mwezi, nami nilikuwa nangoja matokeo ya fomu zenu. Baba anasema pengine sare za shule zimekubana. Yeye ameanza madirisha. Mama ametazama begi lake lakini bado hajaligusa.

Nimefanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilisukuma mlango wote, ukagonga ndoo ya gundi. Nikasema habari za asubuhi, sauti ikafika kama nusu ya chumba kisha ikarudi. Nikaweka mikono kiunoni, nayo ikasahau njia ya kushuka. Niliendesha mkutano wote hivyo, nikawa natoka nayo vile vile, na dereva akauliza kama nimeumia. Sasa nimepata njia. Naandika hotuba kwenye kikaratasi, nakishika ndani ya kiganja, nasoma. Watu wanadhani nainamisha macho kwa hasira. Wanasema Ngoma akiinama usimjibu.

Niliahidi habari ya Radi. Yeye alijaza fomu yote, lakini hakuchagua A wala B hata mara moja. Kando ya kila swali, mara arobaini, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka, ameandika neno moja: inategemea. Kompyuta ya mtaalamu ikamsoma kama karatasi tupu. Kwenye ripoti yake imeandikwa kwamba mtu asiye na umbo ni tundu katika timu, na kwamba ahamishiwe ghala letu la pili, upande wa pili wa mji, akapange marobota ya karatasi, mbali na watu. Mtambo utapewa kijana aliyetoka Kamba.

Radi amekaa na mtambo ule miaka ishirini na miwili. Huishika karatasi kwa vidole viwili na kusema hii imenyonya unyevu, itakwama, na kweli hukwama. Hajawahi kunisalimia bila kufoka. Niliposoma ripoti, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi, nisikufiche. Nikawaza mtambo ule bila kelele zile. Kisha nikageuza ukurasa. Uhamisho unahitaji saini ya kiongozi wa zamu, mwisho tarehe thelathini Aprili. Kiongozi wa zamu ni mimi.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Na kwa nini huandiki?

Mtoto wa kaka yako


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, tulikuwa na kazi. Wasalimie nyumbani.

Mafundi walijaza fomu. Kola ni Jembe, Vifungo naye ni Jembe, wa suruali ni Kamba. Wa sketi, yule mdogo mdogo, ametoka Ngoma, na sasa anampangia kila mtu zamu ya pasi. Kola na Vifungo bado wanatumia rula.

Mimi sikupata muda wa kujaza.

Habari ya huyo Radi usiniulize mimi. Wewe ndiye uliyeko huko.

Shangazi yako

Halafu swali la kumi na saba, “Ukiingia chumba chenye watu wengi huwa unatafuta watu au huwa unatafuta ukuta”, sijui nani alilitunga. Ni swali la utovu wa adabu.


12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenitia wasiwasi. Nimeisoma kama ninavyosoma prufu, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wewe hujawahi kuandika barua isiyojaza ukurasa. Hujawahi kuniambia usiniulize. Kama unaumwa, sema, nitakuja. Mama yuko tayari pia; madirisha yamefika manne.

Au kama umegundua, basi acha niseme mwenyewe.

Nilipokuandikia Desemba nilikuwa nimekwama swali la tatu. Usiku uliofuata sikulimaliza, na fomu ilitakiwa Jumatatu. Nikajiambia, hebu nijiulize shangazi angejibu nini hapa. Jibu likaja mara moja, kama umekaa pembeni yangu. Nikaandika A. La nne vivyo hivyo. Ilikuwa raha, shangazi. Kwa saa nzima nilikuwa mtu anayejua. Nilipofika arobaini nikarudi nyuma, nikafuta yale mawili ya kwanza niliyokuwa nimejibu mwenyewe, nikayajibu kwa ajili yako pia. Yaelekea hayo mawili uliyashindwa, ndiyo maana ikawa thelathini na nane.

Kwa hiyo kiongozi wa zamu ni wewe. Mimi nakukaimu, na vibaya.

Ningeweza kuendelea hivyo. Watu wamezoea kuniona nimeinama. Lakini Alhamisi niliingia mapema, nikamkuta Radi peke yake. Ameshasikia habari za ghala. Hapa hakuna siri isiyopita kwa dereva. Alikuwa anaandika vikaratasi. Yeye, shangazi. Anakata vipande vya maboksi, anaandika kwa yule atakayekuja, anafunga kwa uzi kwenye kila spana na kila kishikio. Hii usikaze sana. Roli hili likilia, sikiliza kwanza, usilizime. Asubuhi za baridi mpe dakika kumi. Hakunifokea. Aliposogea nikavisoma vyote, kwa mazoea tu, kutafuta kosa. Havikuwa na hata moja.

Kama fomu yangu ni ya uongo na ikanipandisha, ile yake, ambayo aliijaza kwa ukweli, inamshusha kwa nini? Nikisaini, nitakuwa nimemhamisha kwa majibu ya mtu ambaye hajawahi hata kuuona mtambo wake. Nisiposaini, meneja ataniuliza sababu, na sababu ni moja tu, nayo itanitoa kazini. Zimebaki siku kumi na nane. Tafadhali andika.

Mtoto wa kaka yako, asiye Ngoma


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Keti chini, mimi nimeshaketi, nimezihamisha sare kitini.

Nilipofika pale uliposema ulijibu kama mimi, nilicheka mpaka fundi wa suruali akaniletea maji. Halafu sikucheka. Nimezungusha barua hii siku tatu.

Nilijaza, mwanangu. Nilijaza Jumamosi ile ile, baada ya mafundi kuondoka, kwa penseli, bila haraka, kwa ukweli kama mtu anayejibu daktari. Nikajumlisha. Dira, thelathini na sita. Nikajumlisha tena. Ngoma nilipata moja, nayo ni ile ya kula haraka.

Basi nikaificha chini ya mkasi mkubwa kwenye meza ya kukatia, nikasahau, maana mtu akiwa na aibu hasahau kingine ila pale alipoiweka. Wiki iliyopita Vifungo aliinua mkasi. Alikuwa amejifunza kujumlisha alama za kila mtu, akajumlisha na zangu. Nilipoingia, mlango wote, mikono kiunoni, niliwakuta wanne wameinama juu ya karatasi yangu.

Nikaanza kufoka, sijui kuhusu nini, nadhani kuhusu uzi. Vifungo akaniambia kwa upole kabisa, “Mama, tulia. Sisi tunajua siku zote. Kila asubuhi tunakusikia nje ya mlango ukihesabu mpaka kumi.”

Miaka kumi na tisa, mwanangu. Nilikabidhiwa karakana hii nina miaka ishirini na sita, na mafundi waliokuwepo walikuwa na watoto wa rika langu. Nikisema polepole sauti ilitetemeka. Nikagundua nikisema kwa nguvu haitetemeki. Ndiyo siri yote. Nilidhani nimewahadaa, kumbe walikuwa wanangoja nimalize kuhesabu ndipo wajifanye wanashona.

Halafu Kola akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kwa kweli nahesabu mpaka kumi na mbili. Vifungo akasema kumi. Kola akasema kumi na mbili, hasa siku za mvua. Wakabishana nusu saa nzima, ana kwa ana, watu waliokuwa hawajasemeshana tangu mwezi wa nane. Rula iko sakafuni mpaka leo. Sijui mtaalamu wenu angeliita hilo nini.

Kwa hiyo hapo kiwandani kwenu hakuna Ngoma. Ulimwiga mtu anayeiga. Hata yale thelathini na nane tuliyapata kwa kushirikiana.

Unataka nikuambie ufanye nini. Ningekuwa Ngoma ningekuambia. Mimi naona makosa tu, na katika barua yako nimeliona moja: umeshaamua, unatafuta mtu wa kutundikia kikaratasi.

Shangazi yako, ambaye leo amehesabu mpaka kumi na moja


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ile Jumamosi ya penseli. Barua yako ilifika Jumatano. Mimi nilikuwa nimeshamaliza Jumatatu. Kwa hiyo ni kweli nilikuwa nimeamua, ila uliponiambia nilikuwa nimeshatenda.

Jumatatu saa moja na nusu nilikwenda kwenye mtambo. Ulikuwa unakimbia, unachapa madaftari ya shule. Nilisimama karibu na Radi, nikafungua mdomo, sauti ikapanda, ikapasuka katikati kama kawaida yake. Nikabonyeza kitufe chekundu. Mtambo ukasimama. Radi akanitazama kama nimemzimia mtoto. Katika kimya kile nikamwambia yote, kwa sauti yangu ya kawaida, ile ambayo msanifu ameisikia mara sita. Nikamwambia fomu yangu ni ya shangazi yangu. Nikamwuliza kwa nini yeye aliandika inategemea mara arobaini.

“Kila swali lina neno huwa,” alisema. “Huwa unafanya hivi, huwa unafanya vile. Huwa lini? Mtambo ukienda au ukisimama? Ukienda nitakufokea. Ukisimama, mbona tunaongea?”

Na kweli tulikuwa tunaongea. Hakuwa anafoka. Miaka mitatu nilikuwa nakwenda kwake wakati wa kelele tu, na yeye miaka mitatu ananifokea kwa sababu hasikii vizuri sikio moja na hajamwambia mtu. Hilo kaniomba nisilitangaze. Wewe si mtu, wewe ni shangazi. Nikamwuliza kwa nini basi asisome vikaratasi. Akasema viko upande wa sikio zuri, na upande ule yeye husikiliza, hatazami.

Saa mbili nilikwenda kwa meneja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uhamisho. Niliiweka mezani bila saini. Ya pili niliiandika mwenyewe nikiwa bado kiongozi wa zamu, na kiongozi wa zamu anaruhusiwa kupendekeza atakayemfuata. Nilimpendekeza Radi. Nilisubiri mpaka meneja aipige muhuri wa kupokelewa, maana muhuri ukishapigwa hata yeye hawezi kusema haikufika. Ndipo nikamweleza habari yako.

Aliichezea kalamu. Nikaona nafasi yangu ikiondoka dirishani. Mwishowe akauliza, “Huyo shangazi yako sasa hivi ana kazi?”

Nikamwambia anayo. Akahuzunika kidogo. Akasema basi anaye mikononi Ngoma ambaye si Ngoma, na tundu ambaye mimi nataka amfanye kiongozi. Nikamwambia Radi si tundu, ni mtu pekee kiwandani aliyesoma maswali. Sauti ilipasuka kwenye neno maswali, lakini nilikuwa nimeshalisema. Akafungua faili, akatazama oda ya madaftari, akatazama tarehe ya kuyapeleka, na nadhani madaftari ndiyo yaliyomshawishi kuliko mimi, maana yule kijana Kamba hajui hata roli la wino linapofunguliwa. Radi ni kiongozi wa zamu kwa miezi mitatu ya majaribio. Anakaa na mtambo wake. Mimi nimepewa onyo la maandishi, lina kosa moja la herufi, sikulisahihisha.

Mkutano wa kwanza wa Radi ulichukua dakika mbili, na mtambo ulikuwa umezimwa. Mama wa kujalidi amerudi kuongea, anasema alichoka kuwa Jembe. Mpokezi bado hapokei simu.

Baba ameanza geti. Mama anakuja kwako Ijumaa, na redio anayo. Kabla ya kuandika jina la Radi nilitaka kujiuliza wewe ungeandika la nani. Kisha nikaandika tu. Nisamehe, shangazi, sikukuuliza.

Msoma prufu